Mnaokuja Cairo kusoma, msingoje mwaka wa mwisho ndo mtembee

Wadogo zetu wa Unguja, Tanga, Mombasa na kwengineko mliopata nafasi Chuo Kikuu cha Azhar, karibuni Misri. Habari za iqama (kibali cha kuishi) na usajili mtaambiwa na kila mtu mpaka mchoke, mi naongelea kutembea tu, maana kuna watu hapa wanamaliza masomo wanajua bweni, darasa na duka la kushari, chakula cha Kimisri, basi, tiketi ya kurudi ikishakatwa ndo wanakimbilia Giza kwenye piramidi kupiga picha na ngamia.

Kwanza kadi ya chuo. Ukishaipata isikutoke mfukoni, sehemu nyingi za kihistoria mwanafunzi analipa nusu ya bei ya mgeni, na bei ya mgeni si mchezo. Bila kadi hata ukimwaga Kiarabu fasaha kama khatibu wa Ijumaa, pale dirishani we ni mtalii tu.

Giza iacheni kwanza, piramidi lina zaidi ya miaka 4,500, litawangoja. Anzieni hapohapo mnaposoma. Msikiti wa Azhar ulianza kujengwa 970, mwaka mmoja tu baada ya Wafatimi, watawala wa zamani, kuanzisha mji wa Cairo, na kuingia ni bure. Zamani wanafunzi walikaa kwa riwaq, yaani sehemu za makazi na masomo, kila riwaq na watu wa kwao, na ilikuwepo ya Jabarti ya watu wa Pembe ya Afrika, yule mwanahistoria al-Jabarti aliyeandika habari za Wafaransa kuivamia Misri 1798 ukoo wake ndo walikuwa masheikh wa riwaq hiyo. Kwahiyo msijione wa kwanza kutoka upande wetu.

Ukitoka hapo vuka kwa njia ya chini ya barabara, unatokea msikiti wa Husayn na soko la Khan el-Khalili. Sokoni bei ya kwanza usiijibu hata kwa kucheka, endelea kutembea, mwenyewe atakuita. Ila mi kilichonikamata ni mtaa wa al-Muizz unaopita pale pembeni, kama kilomita moja hivi kutoka lango la Bab al-Futuh mpaka lango la Bab Zuwayla, nendeni jioni taa zikishawaka, muingie jengo la Sultani Qalawun la miaka ya 1284 na 1285, humo alijenga madrasa, kaburi lake na hospitali kwa pamoja. Bab Zuwayla mnaweza kupanda mnarani, ngazi nyembamba na giza, mwenye magoti mabovu abaki chini ashike mabegi ya wenzake.

Sasa sehemu ambayo kwa mtu wa pwani naona ni kama deni: kwa Imam Shafii. Fikihi tuliyosomeshwa madrasa toka tuko wadogo ni yake, na mwenyewe kalala hapahapa Cairo tangu 820. Kuba lake lilijengwa 1211 na Sultani al-Kamil, limekarabatiwa likafunguliwa tena 2021, na ukiangalia juu kabisa utaona mashua ya shaba imekaa kileleni, mtu wa Lamu atajihisi nyumbani kabisa. Ndani mapambo ya mbao yanashika jicho, msiende kwa haraka. Nendeni mchana, kikundi, na mjue eneo lile ni mji wa makaburi, na una watu wanaishi humo na familia zao, kwahiyo simu mfukoni, usipige picha mlango wa mtu.

Msikiti wa Amr ibn al-As na makanisa ya kale ya Wakopti, Wakristo wa Misri, yako jirani kwa jirani, shukeni metro kituo cha Mar Girgis mmalize vyote siku moja. Hiyo metro ilifunguliwa 1987, ya kwanza Afrika. Dada zetu, mabehewa ya wanawake yako katikati ya treni, ingieni humo, na kaka zetu angalieni msije mkapanda huko mkazomewa bure. Msikiti wa Ibn Tulun pia msiuache, ngazi za mnara wake zinazunguka kwa nje.

Januari baridi ya usiku ni ya kweli, leteni sweta. Chenji ndogondogo ziwepo kila siku, atatokea mtu kukufungulia mlango ambao ulikuwa wazi na atataka bakshishi, mpe kidogo au kataa kwa upole, usigombane. Askari na magari yao msipige picha.

Na siku mkienda Giza nendeni asubuhi mapema, ngamia mkubaliane bei ya kupanda NA ya kushuka kabla hujakanyaga.