Kukariri orodha za maswali ya chemsha bongo: kilichonisaidia mimi

Mkuu, umeuliza kwa nini umekariri mamia ya maswali ya maarifa ya jumla, ya fasihi, sayansi, historia na burudani, lakini shindanoni swali likigeuzwa kidogo tu unatoka kapa. Nimeshindana miaka kumi na moja, na hii minne ya mwisho natunga maswali pia. Shida yako naijua kwa sababu ilikuwa yangu.

Ilikuwa fainali, tumelingana pointi, limebaki swali moja. Msomaji akaanza: "William Shakespeare na Miguel de Cervantes, wote wawili kumbukumbu zinataja tarehe 23 Aprili 1616..." Nikabonyeza kengele palepale. Hilo nilikuwa nalo: magwiji wawili wa fasihi, Mwingereza na Mhispania, waliokufa tarehe moja. Kwa kanuni zetu, ukibonyeza mapema swali linamaliziwa kusomwa, kisha una sekunde tano. Akamalizia: "...nani alitangulia kufa, na kwa takriban siku ngapi?" Kidole bado kiko juu ya kitufe, mwenzangu wa kulia ananitazama, mimi kichwani hamna kitu. Muda ukaisha. Timu ya pili wakajibu "Cervantes, siku kumi" bila hata kunong'onezana.

Usiku ule sikulala mpaka nilipoelewa. Hispania ilikuwa inatumia kalenda ya Gregori, Uingereza ingali kwenye ya Juliasi. Siku Waingereza walipoandika 23 Aprili, Hispania tayari ilikuwa 3 Mei. (Na Cervantes, kwa wanaofuatilia sana, alifariki tarehe 22, ile 23 ni ya maziko yake.)

Lakini kwa nini kalenda mbili? Hapo ndipo nilipopata dawa. Kalenda ya Juliasi iliongeza siku moja kila baada ya miaka minne bila kuruka, yaani ilihesabu mwaka kuwa siku 365.25. Mwaka halisi wa jua ni kama siku 365.2422. Tofauti ni dakika 11 tu kwa mwaka, ila zikilimbikizwa karne nne zinafika siku tatu. Kufikia karne ya 16, siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana ilikuwa imerudi nyuma siku 10, na Pasaka inapigiwa hesabu kutoka hapo. Ndiyo maana mwaka 1582 Papa Gregori XIII akazifuta siku 10: siku iliyofuata 4 Oktoba ikaitwa 15 Oktoba. Akaweka na sharti kwamba mwaka unaofunga karne uwe mrefu (wa siku 366) pale tu unapogawanyika kwa 400. Kwa hiyo 2000 ulikuwa mwaka mrefu, 1900 haukuwa. Nchi nyingine zilichelewa kufuata: Uingereza hadi 1752, Urusi hadi 1918.

Sasa hesabu yaliyofunguka kwa kuelewa jambo hilo moja. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalitokea Novemba: 25 Oktoba 1917 kwa kalenda yao ni 7 Novemba kwa hii yetu. Kuna dai linalozunguka kwenye kila orodha, kwamba Newton alizaliwa mwaka aliokufa Galileo. Galileo alikufa 8 Januari 1642 kwa kalenda ya Gregori. Newton alizaliwa Krismasi ya 1642 kwa ile ya Juliasi, ambayo ni 4 Januari 1643. Ukizipima tarehe zote mbili kwa kalenda moja, miaka haikutani. Hata burudani imo: The Pirates of Penzance, opera ya kuchekesha ya Gilbert na Sullivan ya 1879, ina kijana aliyefungwa na mkataba wa kuwatumikia maharamia mpaka atimize siku ya kuzaliwa ya 21. Miaka 21 imepita, anajiona huru, ndipo anaambiwa kwamba alizaliwa 29 Februari, kwa hiyo ametimiza siku za kuzaliwa tano tu!

Ningekariri hayo mojamoja, yangenitoka yote. Yakishikiliwa na sababu moja, hata swali ambalo sijawahi kuliona naweza kulipigia hesabu.

Mfano mwingine ninaoupenda ni mlima Tambora wa Indonesia, uliolipuka Aprili 1815. Majivu na gesi zake zilififisha jua, na mwaka 1816 ukaitwa mwaka usio na kiangazi. Baridi na mvua vikawafungia ndani vijana waliokuwa mapumzikoni kando ya Ziwa Geneva, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mmoja wao, Mary, ambaye baadaye alijulikana kama Mary Shelley, akiwa na miaka 18 akaanza riwaya ya Frankenstein, iliyochapishwa 1818. Kumbuka tu, Frankenstein ni jina la mwanasayansi. Kiumbe chake hakina jina.

Kwa vitendo mimi hufanya hivi: kila swali ninaloandika daftarini naliandika pia kinyume, jibu likiwa swali, na chini yake naacha mstari wa "kwa nini". Mstari huo ukibaki mtupu, najua hilo bado sijalishika. Pia angalia orodha yako ni ya lini. Iliyoandikwa kabla ya 2006 itakuambia sayari ni tisa, Pluto ikiwemo. Na kengele, nakusihi, subiri usikie swali linaelekea wapi. Maneno kama "lakini", "kati yao" na "kwa mara ya kwanza" ndiyo yanayobeba swali, na mara nyingi yako mwishoni.

Jaribu na hili. Olimpiki ya 1896 ilifunguliwa Athens tarehe 6 Aprili kwa kalenda yetu. Wagiriki wenyewe waliandika 25 Machi. Hapo pengo ni siku 12, wakati kwa Shakespeare lilikuwa 10. Hizo mbili zimetoka wapi? Usitafute kokote, chukua kalamu na lile sharti la 400, kisha andika hapa ulivyolifikia jibu.