Traka ya GPS kwa karavani iliyopaki muda mrefu

Umeuliza kama traka ya GPS pekee (kale kakifaa kanakotumia setilaiti kukuonyesha kitu kilipo) inatosha kulinda karavani, ile nyumba ya kuvutwa na gari, utakayoipaki miezi mitano, mi naona haitoshi maana traka haimzuii mwizi, inakuonyesha tu kaelekea wapi. Kinachoangusha wengi ni betri, ukiiunga kwenye betri ya karavani yenyewe inanyonya kidogokidogo mpaka siku unayoihitaji ilishazima zamani, bora ile yenye betri yake ndani, uiseti itume lokesheni mara moja kwa siku halafu iamke yenyewe ikihisi mtikisiko. Usiifiche ndani ya boksi la chuma, haitashika setilaiti. Na ile laini iliyomo ndani cheki kama mtandao unashika hapo unapopaki, tena ina salio (watu wanakumbuka traka wanasahau vocha!), chukua traka ya 4G kwa sababu nchi kibao zinazima 2G, ule mtandao wa simu wa zamani. Wezi wengine wanakuja na kifaa cha kuziba mawimbi, kwa hiyo kufuli ya kwenye kiungio (pale karavani inapounganishwa na gari) na ya tairi ni lazima. Traka ikikuamsha usiku usiifukuzie karavani mwenyewe, wapigie polisi uwape lokesheni.