Mchoro ukibadilika, bei nayo hubadilika

Ndugu, umeuliza kama kuongeza pesa mapema kungeokoa jengo jipya la abiria pale JKIA, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, lisichelewe. Mimi naona pesa si mwanzo wa tatizo. Tazama Berlin: uwanja wa ndege wa Brandenburg ulikuwa ufunguliwe Juni 2012, ukafunguliwa Oktoba 2020. Wenye mradi walizidi kupanua jengo huku ujenzi ukiendelea, mwishowe mfumo wa kutoa moshi wakati wa moto ukakataa kupita ukaguzi. Sakafu inamalizika mapema. Ni nyaya, mikanda ya mizigo na milango ya usalama inayokula miezi, kwa sababu lazima vyote vijaribiwe pamoja.

Hapa kwetu Kenya, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inataka nyongeza zote za mkataba zisipite asilimia 25 ya bei ya awali. Vizuri, lakini kikomo hicho hakimzuii bosi anayetaka ghorofa nyingine katikati ya kazi. Fungeni mchoro kabla mkandarasi hajaleta tingatinga. Atakayetaka mabadiliko baadaye aandikiwe gharama na siku zitakazoongezeka, aweke sahihi mwenyewe.