Hela ya ugonjwa haipandi ndege

Mpwa wangu, ile sauti uliyoirusha kwenye kundi la ukoo nimeisikiliza, na vicheko vilivyofuata nimevisoma vyote. Unasema Mjomba katajirika, serikali ya Uingereza inamlipa kwa kuumwa, basi arudi Tanga ale hela yake chini ya mwembe, aachane na baridi. Shemeji akadakia kwamba hata nyumba nalipiwa. Mkachukua pauni mkazizidisha kwa shilingi, mkapata mamilioni, na jioni ileile kamati ya harusi ikanipangia mchango wa ukumbi.

Nitajibu mara moja tu.

Nalipwa, ndiyo. Mgongo uliniharibikia kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, kwa kunyanyua watu wazima usiku wakati mashine ya kunyanyulia imekaa pembeni mbovu. Mlikuwa mkiniuliza kila siku nafanya kazi gani, nikawa nasema hospitali. Haya, ndiyo hiyo. Nina ukaazi wa kudumu, kwa hiyo haki ya kuomba ninayo, na kodi za serikali ya huku nimelipa. Napokea mafao ya aina mbili. Moja ni Universal Credit, ya kula na ya kuchangia kodi ya nyumba. Nyingine ni PIP (Personal Independence Payment), iliyoanza mwaka 2013, nayo ni ya gharama zinazoletwa na ulemavu wenyewe: teksi, umeme wa kupasha chumba mchana kutwa, mtu wa kukusaidia kuoga, mboga zilizokatwa tayari kwa sababu huwezi kusimama jikoni.

Sasa huo mwembe. Universal Credit nikitoka nchini zaidi ya mwezi mmoja, inakatwa. PIP inavumilia wiki 13, nayo inakatwa. Hakuna cha kuja kukaa Tanga huku hela inaingia. Anayewaambia fulani wa London anafanya hivyo, ama huyo fulani anakula pensheni ya uzeeni, ambayo ni jambo jingine kabisa, ama anaiba, na siku watakapomkamata atadaiwa mpaka senti ya mwisho.

Na kile kiwanja cha Pongwe mnachotaka kiandikwe kwa jina langu "ili kisipotee", msikiandike. Universal Credit huhesabu mali zako popote zilipo duniani. Akiba na mali zikipita pauni 6,000 wanaanza kukupunguzia, zikipita 16,000 hupati kitu. Kiwanja nisichokaa, chenye jina langu, ni mali yangu hata kama mbuzi wanaochunga pale ni wa Shemeji. Mkinipenda, kiandikeni jina la dada.

Nije kwenye nyumba, maana hapo ndipo panaponiuma.

Nyumba silipiwi. Nachangiwa. Serikali inazipanga kodi za nyumba za eneo lako kuanzia ya bei ya chini kwenda juu; katika kila nyumba 100 inasimama kwenye ya 30, inasema mwisho wetu ni hapa. Kiwango hicho walikirekebisha Aprili 2024, halafu wakakigandisha. Mwenye nyumba wangu hajaganda. Ameshapandisha, na kwa bei za sasa hapa Coventry sina hakika hata nikihama nitapata pungufu. Kwa hiyo kila mwezi kuna pengo la karibu pauni 180 kati ya kodi na kile ninachochangiwa, na pengo hilo nilikuwa naliziba kwa PIP. Hela ya teksi na ya kuogeshwa ilikuwa inakwenda kwa mwenye nyumba. Wengi tunaishi hivyo na hatusemi.

Halafu PIP yangu wakaipitia upya. Kwa viwango vya 2025 nilikuwa kwenye ngazi ya juu ya fungu la mahitaji ya kila siku, pauni 110.40 kwa wiki, na ngazi ya kawaida ya fungu la kutembea, 29.20. Uamuzi ukaja: mahitaji ya kila siku yashuke mpaka 73.90, ya kutembea yafutwe. Hiyo ni pauni 65.70 kila wiki, na kwa kuwa wanalipa kila baada ya wiki nne, ni 262.80 iliyotoweka kwa mkupuo. Nayo izidisheni kwa shilingi basi, kamati ipokee taarifa kamili.

Namna walivyoamua ndiyo inayonikosesha usingizi. Yalikuwa maswali kwa simu, na kila jibu lina alama zake: jumla ya fungu ikifika 8 unapata ngazi ya kawaida, ikifika 12 ngazi ya juu. Unaweza kujipikia chakula rahisi? Unakwendaje chooni? Mtu wa pwani aliyelelewa kujisitiri hata mbele ya ndugu zake anaulizwa na binti wa umri wa mwanawe kama anaweza kujiosha kuanzia kiunoni kwenda chini, na huyo binti anasubiri, anaandika, unasikia vidole vyake vikigonga. Ni mpole, hana kosa. Sisi tukiulizwa mambo kama hayo tunasema "najitahidi, namshukuru Mungu", basi, imeshaandikwa kwamba anaweza. Ripoti yangu ilisema Ijumaa nakwenda msikitini, kwa hiyo natembea. Kwamba jirani ananichukua na gari mlangoni na kunishusha mlangoni, na naswali nimekaa kwenye kiti, nilieleza. Kwenye ripoti halimo.

Mwenye ndugu huku anayesubiri mahojiano hayo amwambie hivi: swali siyo unaweza au huwezi. Sheria inauliza kama unaweza kwa usalama, kwa kiwango kinachokubalika, kila inapohitajika, na bila kutumia muda kupita kiasi. Ukivaa soksi kwa nusu saa ukilia, hiyo kisheria siyo kuweza. Aeleze siku zake mbaya na zinakuja mara ngapi. Aibu aiweke kabatini siku hiyo, ataichukua baadaye. Wala asitie chumvi, maana alama zake halali zinamtosha, na uongo huku unakufuata mpaka kaburini.

Niliomba uamuzi uangaliwe upya. Una mwezi mmoja kuomba. Wakakataa. Nimekata rufaa. Huko wanakaa watu watatu, jaji, daktari na mwenye uzoefu wa mambo ya ulemavu, na hawako chini ya ofisi iliyokukatia. Zaidi ya nusu ya kesi za PIP zinazofika mbele yao mwombaji anashinda. Basi fikirieni ni wangapi waliokatiwa kimakosa wakachoka njiani. Fomu nilijaziwa bure na mama mmoja pale Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi. Bure, nasema, kwa sababu kuna Waswahili wenzetu wanaowatoza watu hela kwa fomu hizohizo.

Rufaa ni miezi, na kodi ni kila tarehe moja. Kwa hiyo nimefanyaje? Mwenye nyumba nilimwandikia kabla deni halijakua, nikampa nakala ya rufaa na kiasi ninachoweza kulipa. Hakufurahi, ila amekubali kusubiri, kwa maandishi. Halmashauri huwa na fungu la kusaidia pengo la kodi. Si haki yako, wanatoa wakitaka na kwa muda, lakini asiyeomba hapewi. Nilipewa ya miezi michache. Umeme wangu ni wa kununua kabla, kama LUKU, kwa hiyo chumba kimoja ndicho kinachopata joto na humo ndimo ninamolala na kula. Chakula cha msaada nilichukua. Nilimkuta foleni mtu niliyekuwa nikifanya naye kazi, tukasalimiana kama tumekutana sokoni, na kila mmoja akageukia upande wake.

Siyo mimi peke yangu. Kuna dada wa Mombasa, mtaa wa pili, anayemlea kijana wake mgonjwa. Kijana alipokatiwa PIP ya mahitaji ya kila siku, na yeye akapoteza ile posho ya mlezi, kwa sababu inaning'inia kwenye PIP ya anayelelewa. Barua moja, mifuko miwili.

Hela za nyumbani, nisikilizeni vizuri. Sitatuma tena kila anayeomba. Mchango wa ukumbi sitoi, na mniondoe kwenye kamati. Ada ya huyu mdogo nitalipa muhula huu, baada ya hapo tukae tuzungumze. Dawa za presha za Mama zitakuja kama kawaida, na asiambiwe zinatoka wapi. Najua wapo watakaosema amekuwa mchoyo. Semeni. Na yule mwenye shida ya kweli asiogope kunipigia kwa sababu ya maneno haya, tutaona.

Wewe mpwa wangu, unayetaka kuja "hata kubeba boksi tu mwaka mmoja", usije. Njia ya kuajiriwa kutoka nje kuja kutunza wazee imefungwa tangu tarehe 22 Julai 2025. Anayekuambia ana nafasi za kazi hiyo anataka shamba la baba yako. Ukija kusoma, kibali chako kitasema huna haki ya fedha za umma: Universal Credit hakuna, PIP hakuna, na ada ya huduma za afya umeilipa kabla hujapanda ndege. Ukiumia kazini kama mimi, utapata hela ya mwajiri ya ugonjwa, ambayo 2025 ilikuwa pauni 118.75 kwa wiki, isiyozidi wiki 28, kisha ni wewe na mwenye nyumba mnatazamana. Hata mwenye haki zote haki hiyo inapunguzwa: kwa sheria iliyopitishwa 2025, kwa wengi wa waombaji wapya kuanzia Aprili 2026, nyongeza ya ugonjwa kwenye Universal Credit ni karibu nusu ya wanayopata waliotangulia.

Mimi mwenyewe lakini nilikuja, na nyumba ya Mama ina bati kwa sababu nilikuja. Siwezi kukufungia mlango niliopita. Kama ni shule ya maana, na ada ya mwaka mzima unayo bila kuuza ardhi, njoo, sebule yangu ni ndogo ila utalala. Jifunze ufundi kwanza, umeme au mabomba. Kazi ya kunyanyua usiiguse hata ukilipwa mara mbili, na ukiigusa, siku mashine ni mbovu kataa, andika tarehe, tunza nakala. Na ukipewa barua yoyote ya kazi au ya chuo, nitumie niisome kabla hujampa wakala hata senti moja. Kusoma barua ndiyo kazi ninayoiweza sasa.