Kansa iko kwenye maini lakini haikuanzia maini: tuuze parsele tulipe kipimo cha jeni?

SWALI: Dokta, jambo sana. Mama yetu eko na miaka 61, tangu mwezi wa pili anaumwa tumbo upande wa kuume na anakonda tu, ekografi ikaonyesha mafundo mengi kwenye maini, wakatoa kipande kikaenda laboratwari, karatasi ikarudi na maneno "adenokasinoma, imetoka sehemu nyingine, chanzo hakijulikani". Sasa kansa inakosa aje kujulikana kwao? Mjomba eko Ubelgiji anasema kuna kipimo cha jeni kinachotaja pale ilianzia, ila ni maelfu ya dola, na famii imeanza kusema tuuze parsele, kile kiwanja chetu cha Bagira. Tufanye nini? — Mtoto wa kwanza, Kadutu, Bukavu

JIBU: Jambo mwanangu, na pole sana kwa mama. Parsele muache kwanza.

Adenokasinoma ni kansa inayoanzia kwenye seli za tezi. Hiyo karatasi si kwamba laboratwari ilishindwa kazi, hapana, kansa za namna hiyo zipo dunia nzima, kama 2 hadi 5 kwa kila 100, hata kule Ubelgiji kwa mjomba. Ile ya kwanza inaweza kuwa ndogo sana imejificha kwenye utumbo au kongosho au mapafu, watoto wake ndio wamekuwa wakubwa kwenye maini.

Kipimo anachosema mjomba ni cha kweli. Ona hivi: Mushi, mtu wa kabila la Bashi wa huku kwetu, akienda kukaa Lubumbashi miaka 20, akifungua tu kinywa sokoni watu wanajua huyu ametoka Bukavu. Seli za kansa ni vilevile, zikihamia maini bado zinaongea lafuzi ya kwao, juu kila kiungo kinawasha jeni zake na kuzima zingine, na uvimbe unabaki na sehemu ya mazoea hayo. Kuna kipimo kinachosoma jeni 92, kinalinganisha na uvimbe mwingi ambao kwao kunajulikana, alafu kinasema hii inafanana na ya utumbo, au ya titi. Walipokijaribu kwa uvimbe ambao jibu lake lilikuwa linajulikana tayari, kilipata karibu 9 kwa 10.

Lakini kujua jina la kijiji si kupona. Wajapani walitoa majibu yao 2019: wagonjwa wengine walipewa dawa kufuatana na kipimo, wengine dawa za kawaida za kansa isiyojulikana chanzo (karboplatini na paklitakseli), baada ya mwaka mmoja waliofuata kipimo hawakuwa wamewapita wenzao kwa kuishi. Wachina wa Shanghai nao wakatoa yao 2024, wagonjwa 182, kipimo cha jeni 90, na hapo waliofuata kipimo walikaa kama miezi 9.6 kabla ugonjwa kusonga mbele, wenzao 6.6. Miezi 3 si kitu cha kudharau, mimi sidharau, ila ndiyo ukubwa wa kitu mnachotaka kuuzia parsele.

Sasa kuna ngazi ya chini ambayo watu wanairuka. Kile kipande cha mama kilipikwa kwenye parafini (nta, si mafuta ya taa) kikawa bloki, kitu kidogo kuliko kiberiti, na kinakaa miaka bila kuharibika. Ulizeni kama waliipaka rangi za imunohistokemia, rangi zinazoshika protini za kila kiungo. Majina ya protini hizo ni kama CK20, CDX2 na CK7. Ikishika CK20 na CDX2 na kukataa CK7, hiyo inanuka utumbo mkubwa, na dawa za utumbo mkubwa ni zingine kabisa na mara nyingi zinasaidia zaidi. TTF-1 inaelekeza mapafu, GATA3 titi. Nairobi na Kampala wanafanya, na bei haifiki hata karibu na ile ya mjomba. Bloki haihitaji barafu, inasafiri kwenye bahasha, ila dereva asiiweke mbele ya kioo juani, parafini inayeyuka.

Wakati mnangoja, mama apimwe matiti kwa mikono, atazamwe utumbo kwa kamera kama ana nguvu. Wamtolee na damu ya AFP, kipimo cha kansa inayoanzia maini, juu huku kwetu hepatitisi B ni nyingi na maini yenyewe yanaugua kansa.

Na niseme hili nililoliona kwa macho nikiwa laboratwari: siku moja kililetwa kipande ndani ya chupa ya maji ya kunywa, kimeogeshwa maji ya chumvi siku 3, kilishaanza kuoza. Kipande kile hata upeleke Marekani hakisomeki. Kinatakiwa formalini (dawa ya kuzuia kipande kuoza) ya 10%, nyingi, mara 10 ya kipande, kikae saa 6 mpaka 72. Kwa hiyo kabla ya kuongea jeni, uliza mama alitolewa kipande kikawekwa ndani ya nini.

Rangi zikikosa jibu, na mama bado anatembea na kula, na daktari wake akakwambia wazi "jibu likiwa utumbo nitampa dawa hii, likiwa titi nitampa ile, na zote zinapatikana", hapo mrudi kwa mjomba muongee, tena yeye ndiye aanze kutoa. Kama dawa itakuwa ileile kwa jibu lolote, hiyo hela imnunulie mama dawa ya maumivu na chakula.

Mkienda kuomba bloki, beba karatasi ya majibu, namba iliyo juu yake ndiyo iliyoandikwa kwenye bloki.