Barua kwa mwanangu askari aliyeko Beni, Kongo

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza, mimi na mama yako. Unauliza: mtu amemuua mwenzako sasa hivi, risasi zimemwishia, anatupa bunduki na kunyoosha mikono. Je, kweli sheria inakukataza kumpiga risasi?

Inakukataza. Huyo ameshatoka vitani, hata kama mtutu wake bado una moto. Limo kwenye kadi ya sheria za vita mliyopewa. Hata lile Azimio 2098 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2013, lililoiruhusu brigedi yenu kuwafuata waasi huko waliko, linataka sheria ya vita ifuatwe. Mimi nataka kukuambia la baadaye, akishafungwa mikono.

Unajua nilikwenda vita vya Kagera na mgambo wa hapa Kongwa. Habari za daraja la Kyaka umezisikia mpaka umezichoka. Ya saa sikuwasimulia. Tulikuwa tumeshapita Masaka, ndani ya Uganda, mji umebomolewa, na Mwalimu Nyerere ameshaagiza raia na mali zao waheshimiwe. Nikapewa mateka nimlinde, kijana wa rika langu, ameketi chini ya mgomba. Koplo mmoja akaja, akamshika mkono, akamfungua saa taratibu kama muuguzi anayefungua bandeji, akaivaa yeye. Ikabaki alama kwenye kifundo cha mkono, ngozi imepauka duara zima. Yule kijana hakumtazama koplo, alinitazama mimi. Nikasema, "Afande, saa si silaha." Weee! Nilibebeshwa maboksi ya risasi mpaka jioni, huku naulizwa kama nimesahau waliyowatenda ndugu zetu Kagera.

Sikusahau. Na hapo ndipo ninapobishana na nafsi yangu mpaka leo. Watu wameuawa, ng'ombe wamesombwa, daraja limelipuliwa, mimi nalilia saa? Labda koplo alikuwa na haki ya kukasirika. Hasira, sawa. Lakini saa ilimkosea nini? Askari ni yule anayejua pa kukomea. Nimewaambia tangu wadogo, mkawa mnacheka. Miaka baadaye nilimkuta yule koplo mnadani, nikamwuliza saa ngapi, makusudi. Akakunja mkono wa shati, akasoma, akanijibu kwa bashasha. Hakunikumbuka hata kidogo! Na saa ilikuwa ileile.

Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 uko wazi kuhusu mateka: silaha chukua, vitu vyake binafsi mwachie. Fedha haziguswi bila amri ya ofisa, tena ziandikwe, apewe risiti. Akiulizwa, analazimika kutaja jina, cheo, namba na tarehe ya kuzaliwa, basi. Hayo yasimamie hata kama wenzako watakuita mlokole.

Sasa najua utasema, baba umenikwepa, wewe ungempiga au usingempiga? Jibu ninalo. Nimeliandika hapa nikalikata kwa kalamu, maana mimi nimekaa kivulini nakunywa chai, na huyo aliyeuawa hakuwa rafiki yangu. Askari ni yule anayejua pa kukomea. Zaidi ya hapo sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha.

Mdogo wako amepeleka mahindi Kibaigwa, bei haikumpendeza. Mama yako anasema Jumapili upige simu, hizo sauti za kurekodi hazitaki.

Baba yako