Klipu isiyo na mwenyewe

Ukikabidhiwa klipu ya WhatsApp utafute ilikotoka, usiliamini jina la faili. VID-20240418-WA0012 inasomeka kama tarehe ya tukio, kumbe ni siku klipu ilipopita kwenye simu fulani. Taarifa za kamera nazo nyingi zimeshafutika njiani. Ipitishe kwenye ExifTool, programu ya kusoma taarifa zilizofichwa ndani ya faili, dakika moja inatosha, kisha rudi kwenye picha yenyewe.

Itazame bila sauti. Msimu mmoja wa mvua niliambiwa klipu ya mafuriko ni ya Jangwani, Dar es Salaam, nikapoteza asubuhi nzima nikitafuta mtandaoni. Nilipotulia, nikaona basi linakwenda upande wa kulia wa barabara. Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo, kulia. Ila kwanza soma maandishi ya madukani: yakiwa kinyumenyume, kuna mtu amegeuza video.

Baada ya hapo kata fremu kadhaa, yaani picha mojamoja za video, zile zenye jengo, mlima au kibao, uzitafute kwa Google Lens, Yandex na TinEye, zana za kutafuta mtandaoni kwa kutumia picha. TinEye hukuruhusu kupanga matokeo kuanzia ya zamani zaidi. Ukikuta nakala ya mwaka juzi, umeshajua si tukio la leo, lakini chanzo bado hujakipata.

Kazi ninayowaonyesha vijana wote wanaoanza ni ya BBC Africa Eye, kitengo cha uchunguzi cha BBC. Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiua wanawake wawili na watoto wawili. Serikali ya Kameruni ikakana kuwa ni askari wake. Wachunguzi wakashika mstari wa milima unaoonekana mwanzoni mwa klipu, wakaulinganisha na picha za setilaiti mpaka ukakubali: karibu na Zelevet, kaskazini mwa Kameruni. Majengo yaliyokuwepo na yaliyokuwa hayajajengwa yakabana mwaka, vivuli vikabana majuma: kati ya 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mlima ule ulikuwa mbele ya macho ya kila aliyeitazama. Ndiyo maana nasisitiza kutazama.

Wakati huohuo rudi nyuma mtu kwa mtu: nani alikutumia, naye alitumiwa na nani? Ukimfikia anayesema ndiye aliyepiga, mwombe aitume kama dokumenti, maana ikienda kama video itabanwa tena. Mwombe pia klipu nyingine za dakika zilezile. Aliyekuwepo pale mara nyingi hakupiga moja tu.